Mwalimu wa Viziwi na Mipaka ya Majimbo: Historia ya Mafunzo na Vyeti vya Walimu wa Viziwi Nchini Marekani, 1817 hadi 2023

Utangulizi

Katika Kanisa la Kilutheri, Kipaimara ni jambo la kusikia na kujibu. Mtoto hufundishwa Katekisimo Ndogo, huulizwa maswali mbele ya usharika, naye hujibu kwa kinywa chake. Kwa mtoto asiyesikia utaratibu huo huwa ukuta mrefu, isipokuwa awepo mtu ajuaye njia nyingine ya kumfikishia neno. Mwaka 1520 Martin Luther, katika maandiko yake juu ya Misa, alitetea haki ya viziwi kupokea Sakramenti ikiwa wanaitamani. Kwa hiyo tangu mwanzo mlango wa Meza ya Bwana haukupaswa kufungwa. Swali lililobaki lilikuwa la kazi zaidi kuliko la imani: ni nani atakayemfundisha kiziwi, huyo mwalimu atajifunzia wapi, na ni nani atakayethibitisha kwamba ameiva?

Sura hii inafuata swali hilo katika nchi ambayo lilijibiwa kwa taabu nyingi, yaani Marekani. Imewekwa katika kitabu hiki cha miaka mia moja kwa sababu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania nalo limeitwa katika huduma hiyo, na yaliyowapata wengine yana mafunzo kwetu.

Inafaa neno moja lielezwe mapema. Washarika wamezoea kuliita jimbo lile eneo la dayosisi linaloongozwa na mkuu wa jimbo. Katika sura hii jimbo ni sehemu ya Shirikisho la Marekani yenye gavana wake, bunge lake na sheria zake. Katiba ya nchi hiyo haikuitaja elimu miongoni mwa kazi za serikali kuu. Kwa hiyo elimu iliachwa mikononi mwa majimbo. Kila jimbo lilijiamulia nani aitwe mwalimu. Kutoka hapo ndipo historia hii inapopata ugumu wake.

Mizizi miwili: Paris na Leipzig

Elimu ya viziwi katika Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa na vyanzo viwili vikubwa. Mjini Paris, padre Charles-Michel de l'Épée alikusanya watoto viziwi na kuwafundisha kwa alama za mikono, akianzia na zile alizozikuta miongoni mwao. Alifundisha mbele ya watu na kuwaeleza waliotaka kuiga. Mjini Leipzig, katika nchi ya Kilutheri ya Saxony, Samuel Heinicke alifungua shule mwaka 1778, akashikilia kwamba kiziwi hana budi kufundishwa kutamka na kusoma midomo ya msemaji. Njia ya kwanza ilijulikana kama njia ya Kifaransa, na ya pili kama njia ya Kijerumani.

Palikuwa na chanzo cha tatu nchini Uingereza, nacho kilifungwa kama sanduku la hazina. Familia ya Braidwood ilikuwa na shule zake, lakini iliificha njia yake kama siri ya biashara. Mwaka 1815 mchungaji kijana kutoka Connecticut, Thomas Hopkins Gallaudet, alipofika huko kujifunza, alitakiwa kwanza kukubali masharti ya kutumikia kwa muda mrefu na kutunza siri. Alikataa. Akaenda Paris, ambako shule ya de l'Épée, wakati huo ikiongozwa na padre Sicard, ilimpokea bila kumfungia kitu.

Hartford: watoto wavuka mipaka

Gallaudet alirudi Marekani mwaka 1816 pamoja na Laurent Clerc, mwalimu wa Paris ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Safari ya baharini ilichukua siku 52. Njiani Clerc alijifunza Kiingereza kwa Gallaudet, na Gallaudet akajifunza alama kwa Clerc. Ni haki kusema kwamba chuo cha kwanza cha ualimu wa viziwi cha nchi hiyo kilikuwa ndani ya merikebu, na kwamba kila mmoja wa watu hao wawili alikuwa mwanafunzi na mkufunzi kwa wakati mmoja.

Tarehe 15 Aprili 1817 shule ilifunguliwa mjini Hartford, Connecticut, ikiwa na wanafunzi 7. Miongoni mwao alikuwa Alice Cogswell, binti wa tabibu Mason Cogswell, ambaye ndiye aliyewahimiza watu wa mji kumtuma Gallaudet ng'ambo. Bunge la Connecticut lilikuwa limetoa dola 5,000. Mwaka 1819 Bunge la Marekani likaipa shule hiyo ardhi ya ekari zipatazo 23,000 huko Alabama, ili ikiuzwa iwe mtaji wake. Mwaka huohuo Massachusetts ilianza kuwalipia watoto wake wasome Hartford, na majimbo jirani ya New Hampshire, Vermont na Maine yakafuata.

Hivyo katika hatua ya kwanza aliyevuka mpaka alikuwa mtoto. Jimbo lisilo na mwalimu lilimpeleka mtoto kule alikokuwa mwalimu, na mtoto huyo alikaa bwenini miaka mingi, mbali na wazazi wake. Bei ya utaratibu huo ililipwa na mtoto na mama yake. Lakini bweni lilizaa jambo ambalo waanzilishi hawakulipanga. Watoto walifika na alama za nyumbani kwao, wakazichanganya na alama za Clerc, na katika maisha ya pamoja lugha ya alama ya Marekani ikakua na kupata nguvu.

Walimu wavuka mipaka

Majimbo ya mbali hayakuweza kuwapeleka watoto wote Hartford. Kwa hiyo yalianza kumpeleka mtu mmoja akajifunze, kisha arudi. Kentucky ilifungua shule yake mjini Danville mwaka 1823, lakini hapakuwa na mtu aliyeijua kazi. Mwaka 1824 kijana John A. Jacobs alitumwa Hartford. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja akijifunza kwa Gallaudet na Clerc, akarudi Danville mwaka 1825, na akaiongoza shule hiyo hadi alipofariki mwaka 1869. Horatio Hubbell alifuata njia hiyohiyo kabla ya shule ya Ohio kufunguliwa mjini Columbus mwaka 1829. Clerc mwenyewe aliondoka Hartford kwa miezi kadhaa kati ya 1821 na 1822 kwenda Philadelphia kuisimamisha shule ya Pennsylvania iliyokuwa ikiyumba.

Hapakuwa na cheti wala mtihani wa serikali. Uthibitisho wa mwalimu ulikuwa barua ya mkuu wa Hartford na ushuhuda wa macho: je, akiingia darasani, watoto wanamwelewa? Wanafunzi viziwi waliohitimu nao wakawa walimu. William Willard, kiziwi aliyesoma Hartford, alifundisha kwanza Ohio, kisha mwaka 1843 akaanzisha shule ya Indiana. Kufikia mwaka 1870 takriban walimu 4 katika kila 10 wa shule za viziwi walikuwa viziwi wenyewe. Mtoto aliyeingia shuleni bila lugha yoyote alimwona mtu mzima aliye kama yeye, mwenye mshahara, familia na heshima, na kwa kumtazama alijua kwamba naye anaweza kufika.

Walimu hao walijenga pia umoja uliovuka mipaka. Mwaka 1847 lilianza kuchapishwa jarida lao huko Hartford, na mwaka 1850 walimu wa viziwi wa majimbo mbalimbali walikutana kwa mara ya kwanza mjini New York. Wakuu wa shule walianza mikutano yao wenyewe mwaka 1868. Katikati ya matukio hayo, tarehe 8 Aprili 1864, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoiruhusu taasisi ya viziwi ya Washington kutoa shahada. Taasisi hiyo iliongozwa na Edward Miner Gallaudet, mwana wa mwanzilishi wa Hartford, na baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Mlango uliofungwa

Mwezi Septemba 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu, Mmarekani James Denison. Mkutano uliamua kwamba usemi wa kinywa unazishinda alama, na kwamba shule zifundishe kwa usemi pekee. Wajumbe wa Marekani walipinga, lakini upepo ulikwisha kugeuka hata kwao. Shule ya Clarke huko Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1867, ilikuwa tayari ikifundisha kwa usemi, na Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliipigania njia hiyo kwa jina lake na kwa mali yake.

Mabadiliko haya yaligusa moja kwa moja mafunzo ya walimu. Ikiwa kazi kubwa ya mwalimu ni kumfundisha mtoto kutamka, basi mwalimu asiyesikia matamshi alionekana hafai. Edward Miner Gallaudet alipotaka kufungua idara ya ualimu mjini Washington, Bell alipinga mbele ya Bunge, akihofu kwamba fedha za umma zingetumika kuwaandaa walimu viziwi. Idara ilifunguliwa mwaka 1891, lakini kwa wanafunzi wanaosikia tu. Hivyo chuo kilichojengwa kwa ajili ya viziwi kilikuwa na mlango ambao viziwi hawakuruhusiwa kuupita kwa miongo mingi.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, walimu viziwi walikuwa wamepungua hadi karibu 15 katika kila 100, na takriban wanafunzi 8 katika kila 10 walifundishwa bila lugha ya alama. Walimu viziwi waliobaki mara nyingi walipangiwa ushonaji, useremala na uchapaji, au madarasa ya watoto waliohesabiwa kuwa wameshindwa kusema. Ikumbukwe kwamba wengi waliofanya uamuzi huo hawakuwa watu wenye nia mbaya. Waliamini kwamba wanamfungulia mtoto njia ya kuingia katika jamii ya wanaosikia. Lakini hawakuwauliza wale waliokwisha kupita njia hiyo.

Shule ya Kilutheri ya Detroit

Katika mazingira hayo ndipo Walutheri wa Marekani walipoingia katika kazi hii. Mwaka 1873 mchungaji Georg Speckhard, aliyewahi kufundisha viziwi huko Ujerumani, alikuwa akihudumu katika kituo cha yatima huko Michigan. Aliombwa kuwaandaa wasichana wawili viziwi kwa ajili ya Kipaimara. Kutoka kwa wasichana hao wawili ikazaliwa Shule ya Kilutheri ya Viziwi ya Detroit.

Speckhard alikuja na njia aliyoijua, ile ya Leipzig. Shule ilifundisha kwa usemi, na watoto walijifunza Katekisimo kwa kusoma midomo na kutamka. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa unyenyekevu. Wanafunzi walipokua na kutawanyika mijini, waliishi miongoni mwa viziwi wenzao na kuzungumza kwa alama. Walipokwenda ibadani Jumapili hawakuweza kuufuata wimbo wala mahubiri. Mwaka 1894, mjini Chicago, viziwi waliotoka katika shule hiyo walimwomba mchungaji August Reinke awahubirie kwa lugha yao. Reinke alijifunza alama, akaanza kuhubiri kwa mikono, na muda mfupi baadaye Sinodi ya Missouri iliipokea kazi ya viziwi kama utume wake rasmi. Wachungaji waliofuata walisafiri kutoka mji hadi mji na kutoka jimbo hadi jimbo kwa treni.

Kwa maneno mengine, shule iliwapa watoto Neno kwa njia ya wanaosikia, na watoto hao walipokuwa watu wazima waliwafundisha wachungaji wao njia ya viziwi. Mhubiri huyo hakupewa cheti na jimbo lolote. Aliyempima ni usharika uliokuwa ukimtazama.

Mpaka wa rangi

Palikuwa na mpaka mwingine ambao haukuchorwa katika ramani. Katika majimbo ya Kusini watoto Weusi viziwi walitengwa katika shule zao. Ya kwanza ilifunguliwa Raleigh, Carolina Kaskazini, mwaka 1869, na ya mwisho kuunganishwa ilikuwa ya Louisiana, mwaka 1978. Shule hizo zilipata fedha kidogo, na walimu wake walipata nafasi chache za mafunzo.

Hata mji mkuu wa nchi ulikuwa hivyo. Watoto Weusi viziwi wa Washington hawakuruhusiwa kusoma shule ya Kendall, iliyo katika viwanja vya Gallaudet, bali walipelekwa nje ya mji, katika jimbo la Maryland. Watoto wa Hartford wa mwaka 1819 walivuka mpaka kwa kuwa kwao hapakuwa na shule. Hawa walivuka ilhali shule ilikuwepo kwao. Mama mmoja, Louise Miller, pamoja na wazazi wenzake walifungua shauri mahakamani, na mwaka 1952 wakashinda. Hata hapo watoto waliwekwa katika jengo la peke yao, pamoja na walimu wanne Weusi, hadi utengano katika shule ulipokatazwa na Mahakama Kuu mwaka 1954. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Gallaudet kiliwatunuku wanafunzi 24 wa kundi hilo vyeti vya kuhitimu na kuwaheshimu walimu wao wanne. Miaka 70 ilikuwa imepita, na wengi wao walikuwa wamekwisha kulala.

Kutoka katika mfumo huo huo alitoka Andrew Foster. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, akapata uziwi utotoni, akasoma katika shule ya watoto Weusi ya Talladega, kisha akahamia Detroit. Mwaka 1954 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule nchini Ghana, na kisha kwa miaka 30 alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika. Kwa kuwa shule bila walimu haiwezi kudumu, alikusanya Waafrika viziwi na wanaosikia huko Ibadan, Nigeria, akawafundisha ualimu na kuwarudisha katika nchi zao. Alifariki mwezi Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda. Mtu ambaye kwao alizuiwa kwa mipaka ya rangi aliwaandaa walimu waliovuka mipaka ya mataifa.

Cheti cha taaluma na leseni ya jimbo

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majimbo yaliweka leseni za walimu wa shule za kawaida. Shule nyingi za viziwi, hata hivyo, zilisimamiwa na bodi za huduma za hisani na si na idara za elimu, na kwa hiyo sheria za leseni mara nyingi hazikuzifikia. Wakuu wa shule waliona hatari hiyo, na katika miaka ya 1930 wakawa wanatoa cheti chao wenyewe kwa walimu waliopitia mafunzo yaliyokubalika. Mwaka 1960 vyama vitatu, yaani cha walimu, cha wakuu wa shule, na kile kilichoanzishwa na Bell, viliunda Baraza la Elimu ya Viziwi, ambalo mwishoni mwa muongo huo lilichukua kazi ya kutoa vyeti na kukagua vyuo. Vyama hivyo vilikuwa vimegombana kwa karibu karne nzima juu ya alama na usemi. Kukaa kwao katika meza moja kuandika sifa za mwalimu lilikuwa jambo kubwa.

Uhitaji ulikuwa umezidi. Tarehe 22 Septemba 1961 serikali kuu ilipata sheria ya kugharimia mafunzo ya walimu wa viziwi, na vyuo vipya vikafunguliwa. Kisha likaja janga la rubela la miaka 1964 na 1965. Watoto wapatao 20,000 walizaliwa wakiwa wameathiriwa, na kati yao takriban 12,000 walikuwa viziwi. Wimbi hilo la watoto lilihitaji walimu kwa haraka katika kila jimbo. Katika miaka hiyohiyo William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, alichapisha mwaka 1960 uchunguzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye kanuni zake. Pole pole alama zikarudi darasani, na walimu viziwi wakaanza kurudi pamoja nazo.

Cheti cha Baraza kiliheshimiwa katika nchi nzima, lakini hakikuwa na nguvu ya sheria. Mwalimu aliyekipata Ohio akihamia Texas alihitaji bado leseni ya Texas. Majimbo yalitofautiana katika mambo ya msingi. Mengine yalikuwa na leseni ya pekee ya kufundisha viziwi. Mengine yaliwaweka viziwi katika leseni moja ya elimu maalumu pamoja na ulemavu mwingine. Mengine yalidai mwalimu apimwe uwezo wake wa lugha ya alama, na mengine hayakuuliza kabisa kama anaijua. Iliwezekana mtu mwenye leseni halali asiweze kuzungumza na mtoto aliyekabidhiwa. Iliwezekana pia mtu kiziwi, aliyeijua lugha ya mtoto tangu kuzaliwa, akwame kwenye mtihani wa karatasi uliotungwa kwa ajili ya wanaosikia.

Sheria ya 1975 na mkataba wa 2023

Tarehe 29 Novemba 1975 ilitiwa sahihi sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, kwa kadiri iwezekanavyo pamoja na watoto wengine. Wazazi wengi waliishangilia, kwa maana mtoto aliweza kusoma karibu na nyumbani. Ule uchungu wa bweni wa Hartford ulipata dawa. Lakini dawa ilikuja na ugonjwa wake. Watoto walitawanyika katika maelfu ya shule za vijiji na miji, mara nyingi kiziwi mmoja katika shule nzima. Mwalimu mtaalamu akawa msafiri anayezunguka kwa gari kutoka shule hadi shule, akimwona kila mtoto saa chache kwa juma. Shule za zamani za bweni zilipungukiwa na wanafunzi, hasa baada ya kizazi cha rubela kuhitimu.

Katika hali hiyo uhaba wa walimu ulionekana wazi zaidi, na mipaka ya leseni ikawa mzigo mzito zaidi. Vyuo vinavyofundisha taaluma hii ni vichache, na baadhi ya majimbo hayana hata kimoja. Jimbo la namna hiyo halina budi kupokea mwalimu kutoka kwingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 majimbo yalikuwa na makubaliano ya kutambua maandalizi ya walimu wa wenzao, lakini kila jimbo lilibaki na haki ya kuongeza masharti yake. Mwaka 2023 mkataba mpya wa uhamaji wa walimu ulianza kuwa na nguvu baada ya majimbo 10 kuupitisha katika mabunge yao. Kwa mkataba huo mwalimu mwenye leseni kamili hupewa na jimbo analohamia leseni inayolingana zaidi na yake, bila kurudia safari yote.

Mkataba huo ni hatua njema, lakini haujibu kila swali. Leseni inayolingana inaweza kutolewa palipo na leseni ya kulinganishwa nayo. Pale ambapo jimbo halina leseni ya pekee ya ualimu wa viziwi, ujuzi wa mwalimu unaweza kuvuka mpaka na kufika ukiwa hauna jina. Na pale ambapo sheria haiulizi kuhusu lugha ya alama, mkataba hauwezi kuuliza badala yake.

Mafunzo kwa Kanisa

Tanzania Bara ina mamlaka moja ya elimu. Cheti cha ualimu kinachotambuliwa na Serikali hakibadiliki thamani mwalimu akihamishwa kutoka Mtwara kwenda Kagera. Hili ni jambo la kushukuru ambalo mwenye kulizoea hulisahau. Shule ya Viziwi Tabora, iliyoanzishwa na ndugu zetu wa Kanisa Katoliki mwaka 1963, ilitangulia. Kwa upande wa KKKT, Shule ya Viziwi Mwanga katika Dayosisi ya Pare ilifunguliwa mwaka 1981, na Dayosisi ya Kusini ikawa na shule yake Njombe. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kimeandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima, na mwaka 2007 chuo cha Kanisa chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza kazi Magamba, Lushoto, kikilenga elimu hiyo hiyo.

Hata hivyo historia ya Marekani inaonya kwamba kukosa mipaka katika ramani hakutoshi. Palikuwa na mpaka kati ya wanaosikia na wasiosikia uliomzuia kiziwi asiwe mwalimu wa watoto viziwi, nao ulidumu muda mrefu kwa sababu uliitwa utaalamu. Kanisa linaloendesha shule lina wajibu wa kuuliza, kila linapoajiri, kama mwalimu anayekuja anaielewa lugha ya wanafunzi, na kama miongoni mwa waliohitimu katika shule zake wapo walioandaliwa kurudi wakiwa walimu, wainjilisti na wachungaji.

Wale wasichana wawili wa Michigan waliomfanya Speckhard afungue darasa mwaka 1873 hawakuwa na chama wala baraza la kuwatetea. Walihitaji Kipaimara, na Kanisa likaona kwamba haliwezi kuwapa bila mwalimu. Katika kila usharika unaoadhimisha miaka yake, wapo watoto wa namna hiyo. Huenda wamekaa benchi la nyuma pamoja na mama zao, wakiitazama kwaya wasiyoisikia. Kuwapatia mwalimu aliyefunzwa, anayetambuliwa na Serikali na anayeeleweka kwao, ni kazi ambayo Bwana amelikabidhi Kanisa lake katika karne inayofuata.